Jezi ya Mtu Mzima



Nimepokea barua kutoka kwa mama mmoja wa Dar es Salaam. Ameniomba nisitaje jina lake wala mtaa wake, nami nitalitunza ombi hilo. Barua yenyewe ina kurasa mbili. Leo nitausoma kwanza ukurasa wa kwanza, maana swali lililomo ni swali ambalo wengi wamewahi kujiuliza, hata kama walilicheka.

Mumewe mama huyu ana umri wa miaka 54. Ni mtu wa heshima zake. Ni balozi wa nyumba kumi, na majirani wakigombania mpaka wa kiwanja au deni la dukani huja kuketi barazani pake ili awapatanishe. Lakini siku Simba inapocheza, bwana huyu huvua shati lake, akavaa jezi nyekundu yenye jina la mchezaji ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, akashuka mtaani akiimba. Vijana humpigia makofi. Mama hujificha nyuma ya pazia. Anauliza: je, si aibu kwa mtu mzima, mwenye wajukuu, kutembea na jina la kijana mgongoni? Je, mavazi hayana umri wake?

Swali hili si la kipuuzi. Wazee wetu walitufundisha kwamba vazi ni salamu inayomtangulia mtu kabla hajafungua kinywa. Mtu huvaa kwa kadiri ya umri wake, mahali anapokwenda na watu atakaowakuta. Haendi msibani na nguo ya arusini. Basi ni halali kuuliza jezi ni nguo ya nani, na ya wapi.

Hapo mwanzo, ndugu msikilizaji, jezi haikushonwa kwa ajili ya mtazamaji. Ilikuwa vazi la kazi, ili mchezaji anyanyuapo kichwa amtambue mwenzake na kumpa mpira. Ukizitazama picha za zamani za viwanja vya Uingereza, unawaona watu wazima maelfu kwa maelfu wamevaa makoti na kofia, na labda skafu yenye rangi za timu yao. Ilikuwa katika miaka ya 1970 ndipo kampuni ya Admiral, iliyoanza na klabu ya Leeds United na kisha, mwaka 1974, ikaivalisha timu ya taifa ya Uingereza, ilipoifanya jezi kuwa bidhaa ya kuuzwa madukani kwa wingi. Na wateja iliowalenga hasa walikuwa watoto. Mtoto huvaa jezi kwa sababu anaota kwamba iko siku naye atakuwa mchezaji. Watoto wale wakakua, ndoto ikawatoka, lakini jezi hawakuivua. Ndivyo vazi la mtoto lilivyogeuka kuwa vazi la baba.

Kama habari ingeishia hapo, ningemwambia mama yule kwamba ana haki ya kujificha nyuma ya pazia. Lakini haiishii hapo. Sisi wa pwani na wa bara tunao mzizi mwingine, wa zamani kuliko kiwanda chochote cha jezi. Wazee wetu walijua sare. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kuanzia Lamu na Mombasa hadi miji ya Tanganyika, watu wazima, wenye kazi na familia zao, walijigawa katika vyama vya ngoma ya beni. Kulikuwa na Marini na kulikuwa na Arinoti. Kila upande ulikuwa na mavazi yake ya kifahari, vyeo vyake na nyimbo zake za kuusimanga upande wa pili. Hakuna aliyewaambia kwamba walikuwa watoto. Hata leo, akina mama wakishona kitenge kimoja kwa ajili ya harusi, au wanakwaya wakivaa sare yao, hatuoni aibu. Tunaona umoja. Sare haisemi, "Mimi ni mchezaji." Inasema, "Mimi ni wa hawa. Mkiwatafuta, nami nimo."

Katika mji wa Dar es Salaam vyama viwili vya mpira vimerithi sehemu ya mambo hayo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Simba ilianzishwa mwaka 1936, ikapitia majina mengine, likiwamo lile la Sunderland, hadi ilipoitwa Simba mwaka 1971. Mmoja ana makao yake Jangwani, mwingine Mtaa wa Msimbazi, na baina yao ni mwendo mfupi tu wa miguu. Kijani na njano ni za huyu, nyekundu na nyeupe ni za yule. Watoto wa nchi hii hujifunza rangi hizo kabla ya kujua kusoma.

Nami nimewahi kuketi katika uwanja ule mkubwa uliofunguliwa mwaka 2007, ambao sasa unaitwa kwa jina la Rais Benjamin Mkapa. Kushoto kwangu aliketi mtu aliyeonekana kuwa bosi wa ofisi. Kulia kwangu kijana ambaye mikono yake ilionyesha kwamba husukuma mkokoteni. Wote wawili walivaa jezi ya aina moja. Bao lilipoingia walikumbatiana kwa kupitia juu ya kichwa changu. Nikajiuliza ni mahali gani pengine katika mji wetu ambapo watu hao wawili wangekumbatiana. Kwa hiyo, mama, sitamhukumu mumeo kwa sababu ya rangi ya nguo yake. Furaha si mali ya vijana peke yao.

Hata hivyo, mtu mzima hana ruhusa ya kuvaa bila kufikiri. Hilo ndilo linalomtofautisha na mtoto. Yako mambo mawili ambayo ningependa kila mwenye jezi ayatazame kabla hatujafungua ukurasa wa pili.

La kwanza ni mfuko. Kila msimu hutoka jezi mpya: ya nyumbani, ya ugenini, na tena ya tatu. Kwa kibarua, bei ya jezi halisi ni ujira wa siku kadhaa. Wenye kuuza wanajua kwamba mpenzi wa timu habishani na bei, na wako waliotumia vibaya mapenzi hayo. Huko Uingereza, mwaka 2003, mamlaka ya kusimamia ushindani wa biashara iliwatoza faini nzito wafanyabiashara kadhaa waliokubaliana kupanga bei ya jezi ili isishuke. Jezi ya mwaka jana haijapoteza rangi ya mapenzi. Baba anayenunua mpya ilhali mwanawe anakwenda shule na sare iliyochanika ameipenda timu kwa fedha ya mtoto.

La pili ni kifua. Wengi wetu tunalitazama jina la mgongoni na kusahau maandishi ya mbele. Kuanzia mwaka 2017 jezi za timu zetu mbili kubwa zilibeba kifuani jina la kampuni ya michezo ya kubahatisha, wala hiyo haikuwa kampuni ya mwisho ya biashara hiyo kuingia katika vifua vya wachezaji. Sisemi kwamba kila avaaye ni mcheza kamari. Nasema hivi: baba anamkanya kijana wake asipoteze nauli yake katika kubahatisha, na wakati anapomkanya, maneno yaliyo kifuani pake yanamwalika kijana aende. Kijana atasikia lipi? Mtu mzima anawajibika kwa kila tangazo analolibeba, hata lile ambalo halipwi kulibeba.

Sasa, wapendwa, tuufungue ukurasa wa pili wa barua. Mwandiko umebadilika kidogo. Nadhani uliandikwa siku nyingine, au usiku.

Mama anasimulia kwamba mtoto wao wa kiume alichagua Yanga tangu akiwa mdogo, kwa kumfuata mjomba wake. Nyumba ikawa na pande mbili, na kwa muda mrefu ilikuwa ni kicheko. Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 6 Mei 2012, siku ambayo Simba iliifunga Yanga mabao matano kwa bila. Kijana alikuwa na miaka 12. Baba alirudi kutoka uwanjani amevaa jezi yake, akamkuta mtoto ameketi mlangoni na fulana yake ya kijani, akainua mkono na kumwonyesha vidole vitano. Mtoto akacheka kidogo. Baba akarudia. Akarudia mezani, akarudia mbele ya wageni, akarudia asubuhi mtoto akienda shule, na juma zima akamwita "Tano" badala ya jina lake. Mama anaandika kwamba siku ya tatu mtoto aliacha kucheka, na hakuna aliyeona ila yeye.

Miaka ikapita. Kijana akakua, akapata kazi, akapanga chumba chake. Ikaja Jumapili nyingine, tarehe 5 Novemba 2023, na safari hii Yanga ndiyo iliyoifunga Simba mabao matano kwa moja. Jioni ile kijana alikuja nyumbani kwa wazazi wake. Alivaa jezi ya kijani. Hakusema shikamoo. Alisimama katikati ya sebule, mbele ya majirani waliokuwa wamekuja kumpoza baba, akainua mkono na kuonyesha vidole vitano. Baba, yule mpatanishi wa nyumba kumi, akasimama na kumwambia atoke, na asirudi tena na nguo ile. Kijana akatoka. Hajarudi, na nguo ile wala na nguo nyingine. Mama huenda kumwona mwanawe kwa siri, kama anayekwenda kumwona mfungwa. Barua inamalizika kwa swali ambalo ndilo hasa lililomfanya ashike kalamu: je, aichukue jezi ya mumewe aichome moto?

Mama yangu, usiichome. Ukiichoma, utakuwa umeipa hatia nguo, na nguo haikumfukuza mtu.

Hebu tutafakari pamoja jambo moja. Sisi hatuziiti timu hizi mbili maadui. Tunaziita watani wa jadi. Watangazaji hulisema neno hilo kila siku, nasi tumelizoea hata hatulisikii tena. Lakini utani ni jambo zito katika nchi hii. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, kisha wakawa watani. Makabila mengine yalikutana katika njia za misafara, yakaogopana, kisha yakataniana. Wazee wetu waliona kwamba watu waliowahi kushikiana mikuki hawawezi kusahau mara moja, basi wakaugeuza uadui ukawa mchezo wa maneno, wakauwekea sheria.

Na sheria za utani tunazijua. Mtani hukuita majina yasiyotamkika, nawe hukasiriki. Huchukua kuku wako, nawe humshtaki. Lakini ukifiwa, yeye ndiye anayefika mapema. Huchimba kaburi, hupika, huchota maji, huwachekesha waliolia mpaka wameishiwa machozi. Mtani anayetania siku ya furaha na kukosekana siku ya msiba si mtani. Huyo ni mtukanaji. Iko pia sheria ya tatu, isiyosemwa sana: utani ni wa watu wenye kuweza kujibizana. Mtani humtania mwenye nguvu ya kumrudishia. Mtu mzima akimtania mtoto asiyeweza kujibu, siku baada ya siku, mpaka mtoto ameacha kucheka, ule umeacha kuwa utani. Ni deni, na deni la namna hiyo hulipwa miaka 11 baadaye katikati ya sebule.

Basi naweza sasa kulijibu swali la ukurasa wa kwanza. Jezi ni vazi la utani. Kwa hiyo si vazi la mtoto hata kidogo. Ni vazi la mtu mzima kuliko nguo nyingi alizonazo, maana kuutunza utani kunahitaji akili iliyokomaa. Anayezijua sheria zake na aivae hata akiwa na miaka 90. Asiyezijua, hata akiwa na miaka 20, haijamtosha bado.

Na kwa kuwa tunazungumza juu ya wazee na jezi, nitawakumbusha mzee mmoja ambaye dunia nzima ilimwona. Mchezo haukuwa wa soka bali wa raga, na mahali palikuwa Johannesburg, uwanja wa Ellis Park, tarehe 24 Juni 1995. Afrika ya Kusini ilikuwa ikicheza fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya New Zealand. Jezi ya kijani na dhahabu ya timu ile ilikuwa kwa Waafrika wengi alama ya ubaguzi uliowatesa. Wengi wao walizoea kuwashangilia wageni, yeyote atakayecheza nayo. Nelson Mandela alikuwa na miaka 76. Alikuwa Rais wa nchi, na nyuma yake kulikuwa na miaka 27 ya kifungo. Siku ile aliingia uwanjani amevaa jezi ile ile, yenye nambari 6 mgongoni, nambari ya nahodha François Pienaar, kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake. Umati ambao sehemu yake kubwa walikuwa Wazungu ukaliimba jina lake. Afrika ya Kusini ikashinda kwa pointi 15 kwa 12.

Je, kuna aliyesema kwamba mzee yule amejivunjia heshima? Wako weusi waliohuzunika kwamba amelivaa vazi la watesi wao, na huzuni yao haikuwa ya bure. Jezi moja haiponyi nchi. Lakini angalia alichokifanya. Sisi huvaa jezi ili tujulikane na wa kwetu. Yeye aliivaa ili afike kwa wale waliokuwa si wa kwake. Ilikuwa nguo ile ile ya dukani. Safari ndiyo iliyokuwa tofauti.

Baba wa kijana yule, nadhani unanisikiliza. Mkeo aliandika kwamba redio hii huwa wewe ndiye unayeifungua kila Jumapili. Sitakuagiza uvae kijani. Najua hilo ni zaidi ya nguvu zako, na mwanao mwenyewe angekucheka. Vaa nyekundu yako. Lakini iko safari unayodaiwa. Katika Maandiko tunasimuliwa juu ya baba aliyemwona mwanawe angali mbali, akapiga mbio kwenda kumlaki, na jambo la kwanza alilolishughulikia lilikuwa vazi la kijana. Baba yule alikuwa amekosewa, na bado hakungoja. Wewe katika shauri hili umekosewa jioni moja, na umekosa juma zima. Kama majirani wawili wangekuja barazani kwako na kesi ya namna hii, ungemwambia nani aanze kwenda kwa mwenzake? Umekwisha kuhukumu kesi nyingi. Hukumu na hii.

Nenda hadi mlangoni pake. Usiingie na maelezo marefu juu ya mwamuzi na penalti. Akifungua, inua mkono wako na umwonyeshe vidole vitano. Atakumbuka 2012, nawe utakumbuka 2023, na kwa dakika moja hamtajua kama mcheke au mlie. Kisha usiushushe mkono huo. Mnyooshee. Vidole ni vile vile vitano, na ndivyo ambavyo mtu hushikia mkono wa mwanawe. Na kama unaweza, mwambie kwa jina lake alilopewa siku ya kuzaliwa kwamba juma lile ulizidisha.

Nawe kijana, baba akija, mwamkie kwanza. Kilichokuuma ukiwa na miaka 12 kilikuwa cha haki, na ulistahili kuombwa radhi. Lakini ulikuja kudai mbele ya wageni, siku ambayo mzee alikuwa ameshindwa, na hilo si deni lako lililolipwa bali ni jipya lililofunguliwa.

Nanyi nyote mnaojiandaa leo kwenda uwanjani au kukusanyika mbele ya televisheni ya jirani, vaeni rangi zenu na mfurahi. Ila kabla hujatoka, jitazame katika kioo ukiwa umevaa jezi hiyo, ujiulize kama jioni, timu yako ishinde au ishindwe, utaweza kuketi sahani moja na mtani wako. Kama jibu ni ndiyo, nenda kwa amani. Kama jibu ni hapana, ivue kwanza, uvae shati lako la kawaida, uende ukamsalimie. Mpira utakukuta huko.

Nawatakia nyote Jumapili njema.